Makofi ya Mama Timoth

Ijumaa ile, saa nne kasoro asubuhi, barabara ya Majengo ilisimama kwa sababu Mama Timoth alikuwa anamsalimia Mzee Adriano.

Mtu atauliza kwa nini hakusogea pembeni akasalimia huko. Pembeni gani? Pembeni pa barabara ile pana ndoo, majembe, magodoro yaliyosimamishwa wima kama watu wanaosubiri gari, na mafungu ya mitumba yaliyotandazwa juu ya turubai mpaka ukingoni mwa lami. Hata mwenye miguu miwili hupita kwa kunyata. Mama Timoth anao mmoja, wa pili ulichukuliwa na kisukari. Kwa hiyo kigari chake cha betri kilikuwa juu ya lami, mbele ya pikipiki nne, bajaji moja na fuso la mbolea. Ndipo alipomwona Mzee Adriano akitoka duka la pembejeo na koti lake refu la baridi. Akaachia mikono yote miwili, akainama, akapiga makofi.

"Shikamoo baba, mukwai!"

Kwa asiyezoea Ufipa, ieleweke hivi. Mfipa aliyelelewa hasalimii mzee kwa mdomo mtupu. Anainama, anataja mukwai, neno la heshima, anakusanya viganja, anapiga taratibu, pa, pa, pa, mpaka mzee aitikie. Asiyepiga hajasalimia, amepaza sauti tu. Na kigari kile nacho kilikuwa na mila yake. Ukibonyeza kikono cha usukani kinakwenda, ukikiachia hakipunguzi mwendo, kinaganda palepale kama punda aliyeona nyoka. Waliokitengeneza huko ng'ambo walitaka kumkinga mzee asije akasinzia akagonga ukuta. Habari za makofi hawakuambiwa.

Nyuma ya Mama Timoth alikuwapo Godbless, dereva wa boda, amempakia dada mmoja mwenye trei la mayai. Godbless alikata kulia, akaona bajaji, akakata kushoto, akaingia kwenye mitumba. Akatokea upande wa pili na sidiria ya buluu imekaa juu ya helmeti yake kama masikio. Dada wa mayai alikuwa bado ameketi nyuma, trei mikononi, mayai thelathini, hata moja halikupasuka. Kilichopasuka ni taa ya pikipiki, na suruali ya Godbless mahali ambapo suruali haitakiwi kupasuka.

Fuso likapiga honi. Mzee Adriano alikuwa amefundisha katekisimu miaka thelathini na hajawahi kuharakisha jibu la salamu.

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Njema, baba."

"Mgongo wa mumeo Flavian unaendeleaje?"

"Umepata nafuu, baba, tangu nipate hiki. Hanibebi tena."

"Mungu ni mwema. Na wajukuu?"

"We mama!" Godbless alilia kutoka upande wa mitumba, mkono mmoja nyuma ya suruali. "We mama, unataka kuniua?"

Mzee Adriano alimtazama kuanzia viatu mpaka sidiria.

"Subiri kijana," akasema. "Watu wanasalimiana."

*

Kigari kile alikileta Salome, binti wa Mama Timoth anayetunza wazee Ulaya. Mzee mmoja aliyemtunza alifariki, watoto wake wakamwambia achukue anachotaka. Wengine wangechukua televisheni. Salome alichukua kigari, na miezi mitano baadaye kikashuka Sumbawanga juu ya lori la mabati, kimefungwa kwa mablanketi kama mgonjwa. Rangi yake nyekundu, magurudumu manne, kikapu mbele. Kwenye usukani kuna kitufe cha kuzungusha chenye picha ya kobe upande mmoja na sungura upande mwingine, cha kuchagua mwendo. Mama Timoth tangu siku ya kwanza alikiweka kwenye kobe, na hapo ndipo kilipokaa.

Watu wa Majengo walikiita Kimyakimya, maana hakina mlio. Na katika mji wetu huu, kwa sifa za uchawi tulizopewa na watu wa mbali, si vizuri kuwatokea watu nyuma bila mlio. Wiki ya kwanza mwanamke mmoja aligeuka, akamwona Mama Timoth anateleza mgongoni mwake na ndoo ya togwa, akatupa kitoroli chake cha viazi akakimbia. Baadaye alirudi kufuata viazi, akanywa togwa kikombe kimoja, wakawa marafiki.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila asubuhi, kutoka Chanji hadi Majengo, alipeleka togwa ya ulezi, na alirudi na ndoo tupu na habari tele.

Ijumaa hiyo mchana, jirani yake Rozina alikuwa ameshafika uani kabla kigari hakijazimwa.

"Nimesikia umeua mtu," Rozina alisema, akavuta kigoda.

"Nani kanipachika sifa hiyo? Nimemsalimia Mzee Adriano tu."

"Na trafiki je? Wanasema alikuja."

"Alikuja yule kijana mrefu. Akaniuliza, mama, hiki ni chombo cha moto? Nikamwambia moto hakina, kina betri. Akaniuliza, kina namba? Nikampa namba yangu ya simu."

Rozina alicheka mpaka akashika mbavu. "Akasemaje?"

"Akasema kama si chombo, basi mimi ni mtembea kwa miguu, nipite pembeni. Nikamwambia mwanangu, nionyeshe hiyo pembeni nikapite. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona magodoro. Akanunua togwa."

Walikuwa bado wanacheka pale Timoth alipoingiza pikipiki uani. Timoth ni mtoto wa pili wa Mama Timoth, ana mke na watoto wawili, wote wanaishi nyumba ileile. Na kwa bahati mbaya yake siku hiyo, ndiye mwenyekiti wa kijiwe cha boda cha Majengo.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Mbona uso kama umelamba ndimu?"

Timoth alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaikunja tena.

"Washikaji wamekaa kikao," alisema. "Hii si mara ya kwanza, mama. Jumanne ulimsalimia mama wa kinu cha kusaga, bajaji ikapanda kwenye sufuria. Wiki iliyopita ulimsalimia babu mmoja ambaye hata hakuwa anakutazama."

"Alikuwa mzee."

"Alikuwa ng'ambo ya barabara, mama! Kijiwe kimeandika barua kwa mtendaji wa kata. Kesi ni Jumatano saa tatu. Wanataka kigari kikae nyumbani."

"Barua hiyo imesainiwa na nani?"

Timoth alitazama kuku. Rozina alitazama Timoth. Hata kuku kama alitulia.

"Na mwenyekiti," Timoth alisema.

"Mwenyekiti nani?"

"Mama, ni cheo tu. Ningekataa, wangesema nakulinda kwa kuwa umenizaa."

"Na usinilinde kwa kuwa nimekuzaa!" Mama Timoth alidakia. "Nilinde kwa kuwa nimekulisha, nimekufulia nepi, na hiyo pikipiki unayokalia niliuza magunia ya ulezi wangu ukaipata!"

Baba Timoth, yaani mzee Flavian, alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Kwa siku husema maneno kumi, na mengine ni ya kufukuza mbuzi. Aliinua kichwa.

"Mgongo wangu umeanza kuuma," alisema.

Hakuna aliyecheka. Miaka mitatu nzima mgongo ule ulikuwa umembeba Mama Timoth kwenda chooni, kwenda kanisani, kwenda kliniki. Na siku ambazo mgongo haukuweza, Mama Timoth alikaa kwenye kiti cha plastiki, pale pale mlangoni, kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, akitazama lango.

"Unajua nilichokuwa naona?" alimwambia mwanawe, sasa kwa sauti ya chini. "Lango. Watu wakipita wanasema, pole mama, tutakuja kukuona. Habari za mji nilizipata zimepoa kama ugali wa jana. Hellena aliolewa, akapigwa, akarudi kwao, mimi nikaja kusikia akiwa ameshaolewa tena. Hayo ni maisha, Timoth?"

Timoth alikaa chini kwenye ngazi. Alimwomba mkewe maji, akayashika tu.

"Basi usisalimie, mama," alisema mwishoni. "Mpaka Jumatano tu. Wakiona umetulia barabarani, nitawaambia washikaji waifute barua."

*

Jumatatu Mama Timoth aliamka kuwa mtu wa kisasa.

Tatizo lilikuwa mikono. Moyo uliweza kukubali, lakini mikono ilikuwa na miaka sitini ya mazoea. Akimwona mzee tu, yenyewe inaondoka. Rozina ndiye aliyepata dawa. Alichana kitenge kikuukuu vipande viwili, akaifunga mikono ya mwenzake kwenye usukani, kulia na kushoto, akaacha vidole vya kubonyeza kikono.

"Ikikuwasha pua?"

"Nitavumilia."

Na kweli, mpaka kwenye kinu cha kusaga mambo yalikwenda vizuri. Boda walimpita, wakampigia honi ya heshima. Godbless, mwenye suruali mpya, alimwinulia kidole gumba. Halafu Mzee Adriano akatokea kwenye uchochoro wa kinu, akashika barabara, akielekea njia ileile anayoelekea yeye.

Mama Timoth aliinamisha kichwa. "Shikamoo, baba!" akasema, na hakusimama.

Sasa, angekuwa kwenye gari, jambo lingeishia hapo, vumbi lingelifunika. Lakini kigari kikiwa kwenye kobe kinakwenda mwendo wa mzee mwenye fimbo. Na Mzee Adriano alikuwa mzee mwenye fimbo. Kwa hiyo wakaenda sambamba, bega kwa bega, mmoja kwenye lami na mmoja akirukaruka kati ya ndoo na majembe, na salamu ikiwa imening'inia katikati yao.

Hatua ishirini zikapita.

"Mikono yako ina nini?" Mzee Adriano aliuliza bila kumtazama.

"Imefungwa, baba."

"Imefungwa na nani?"

"Na Rozina."

Hatua nyingine ishirini. Mzee alizunguka beseni. Mama Timoth alitamani kuzungusha kitufe kuelekea sungura akimbie aibu ile, lakini kidole hakikufika.

"Mimi," alisema Mzee Adriano walipofika kwenye magodoro, "niliwahi kusalimiwa na mfungwa mwenye pingu. Akapiga makofi na pingu zake." Akaingia duka la pembejeo bila kuitikia marahaba.

Kufika saa sita, mji ulikuwa na habari tatu. Ya kwanza, Mama Timoth amempita Mzee Adriano kama anapita nguzo. Ya pili, amehama kanisa, na huko alikohamia wamemkataza kupiga makofi. Ya tatu, ambayo ilimuuma zaidi kwa kuwa ilitoka kwa yule rafiki yake wa viazi, ni kwamba tangu binti yake aende Ulaya anajiona Mzungu. Wateja wa togwa walipungua. Fundi viatu, ambaye hakuwahi kukosa kikombe chake, alitikisa kichwa kwa mbali.

"Ya mwenye kiburi inakata tumbo," alisema, kwa sauti ya kutosha.

Mama Timoth alirudi Chanji na ndoo iliyojaa na tumbo tupu la habari. Rozina alipokuwa anamfungua mikono, alikuta alama za kitenge kwenye vifundo.

"Na bado hujasikia," Rozina alisema kwa upole, jambo lililomtisha mwenzake kuliko kelele. "Mzee Adriano naye ameandika barua kwa mtendaji. Ameandika kwamba amesalimiwa kwa kidevu."

*

Ofisi ya kata iko juu kidogo, na uwanja wake unashuka mpaka kwenye lango linalotazama barabara. Jumatano saa tatu uwanja ulijaa. Walikuja boda wote wa kijiwe, wauza mitumba, Godbless na suruali yake ya zamani kama kielelezo, Rozina na wanawake wa Chanji waliokuja, kama walivyosema wenyewe, kusikiliza tu. Mama Timoth aliegesha kigari chini ya dirisha, mumewe akamshikilia mpaka kwenye benchi.

Mtendaji alikuwa kijana wa Rungwe, jina lake Lwitiko, miezi miwili tu tangu ahamie. Alivaa tai. Alikuwa na barua mbili mbele yake, akasoma moja, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza.

"Wananchi," alisema, "mimi utawala nimeusomea. Lakini sijawahi kuletewa malalamiko mawili juu ya mama mmoja, huyu anataka asisimame, na huyu analalamika kwamba hakusimama."

"Mheshimiwa, kinasimama ghafla!" Godbless alisimama, akainua suruali juu kwa mikono miwili, watu wakaona mwanga wa jua kupitia kwake. "Na kina mbio. Kina mbio kama sitini!"

"Sitini?" Rozina alipaza sauti. "Juzi kilikwenda sambamba na Mzee Adriano na fimbo yake!"

"Basi mzee naye ana sitini," mtu alisema nyuma, na ikachukua muda watu kunyamaza.

Timoth, kama mwenyekiti, aliitwa asome barua ya kijiwe. Aliisoma haraka, macho chini, kama mtoto anayesoma ripoti mbaya ya shule mbele ya wazazi. Alipofika kwenye "mwanamke huyo," mama yake alikohoa. Timoth akasoma, "mama huyo." Mama yake akakohoa tena. Timoth akasoma, "mama yangu," akairudisha barua mezani haijaisha.

Mtendaji Lwitiko alishika kalamu. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa mgeni, na mgeni akishindwa kuamua huamuru kitu kikae ndani.

"Kwa sasa," alisema huku akiandika, "kifaa kibaki nyumbani, mpaka tupate mwongozo kutoka juu."

"Mwongozo huchukua muda gani, mwanangu?" Mama Timoth aliuliza.

"Huja, mama."

Kila mtu uwanjani alijua maana ya huja. Kisima cha Chanji kiliambiwa huja tangu Timoth yuko darasa la nne. Mama Timoth hakulia. Aliitazama mikono yake, akaiweka mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama mtu anayekunja nguo atakazoziweka sandukuni muda mrefu. Mumewe alianza kujinyoosha mgongo, polepole, akiupima.

Timoth aliona vyote viwili.

"Mheshimiwa, kabla hujapiga muhuri," alisema, "wewe mwenyewe umekipanda?"

"Nikipande?"

"Tunabishana kasi, tunabishana breki. Kiko pale. Panda uone, ndiyo uandike."

Umati ulishangilia, maana umati haukuja kusikiliza mwongozo. Lwitiko alitabasamu, akatupa tai begani, akashuka. Mama Timoth alimwita kutoka kwenye benchi.

"Mwanangu, sikiliza kwanza. Ukibonyeza..."

"Mama, usijali. Nimeendesha pikipiki tangu niko Tukuyu."

Hapo ndipo kosa lilipokaa. Mtu wa pikipiki, ili asimame, hukaza mkono. Na Lwitiko aliongeza kosa la pili. Aliona kitufe kiko kwenye kobe, akaona boda wote wanamtazama, akaona haiwezekani mtendaji wa kata nzima aonekane anaendesha kobe. Akazungusha mpaka sungura. Akabonyeza.

Kimyakimya kiliondoka. Hakikutoa mlio, ila tai ilitoka begani ikasimama nyuma kama bendera. Lwitiko alicheka mara moja. Kisha akaona uwanja unashuka, akaona lango, akaona ng'ambo ya lango fuso linapita, akakaza mkono ili afunge breki. Kigari kikaongeza mwendo. Akakaza zaidi.

"Breki! Breki iko wapi?"

"Achia!" Timoth alianza kukimbia. "Mheshimiwa, achia!"

Lakini mwambie mtu anayeanguka mtini aachie tawi. Lwitiko alikumbatia usukani kwa nguvu zote za serikali. Wauza mitumba wakatawanyika. Na langoni, katikati kabisa, amechelewa kwa kuwa alisalimiwa na watu wengi njiani, alisimama Mzee Adriano. Hakusogea. Katika maisha yake yote Mzee Adriano hajawahi kukipisha kitu kabla hakijamsalimia.

Boda walikuwa wanapiga kelele breki, shika, kata kona. Mama Timoth alishika bega la mumewe, akasimama juu ya mguu wake mmoja, akatoa sauti ambayo miaka mitatu ilikuwa inakaa mlangoni.

"Mtendaji! Huyo ni mzee! Msalimie! Makofi, mwanangu, makofi!"

Nako Rungwe watoto wanalelewa. Na kwa miezi miwili wazee wa Sumbawanga, mmoja mmoja, walikuwa wamemkalisha kijana yule barazani kwake na kumfundisha namna ya kusalimia kabla hajawauliza shida zao. Akili ya Lwitiko ilikuwa imekwisha kwenda, lakini mikono ilisikia. Ikaondoka kwenye usukani yenyewe, ikakutana mbele ya kifua.

Pa.

Kigari kikaganda. Lwitiko hakuganda. Alisonga mbele mpaka kifua kikalala juu ya kikapu na pua ikagusa kifungo cha pili cha koti la Mzee Adriano.

"Shikamoo, mukwai," alisema kutoka humo kotini, akapiga mara mbili zaidi, pa, pa, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

Mzee Adriano aliinama, akamtazama.

"Marahaba," alisema. "Huyu amelelewa. Habari za nyumbani?"

"Nyu... njema, mzee."

"Wazazi Rungwe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Migomba?"

"Inazaa, mzee." Fuso la pili likapita ng'ambo ya lango, upepo wake ukampeperushia tai usoni. "Inazaa sana."

Aliporudi juu, alirudi kwa miguu, Timoth akiendesha kigari nyuma yake kwenye kobe. Mtendaji alikaa, akanywa maji glasi mbili. Mama Timoth, kwa kuwa ndoo ilikuwepo, akampelekea na togwa.

"Yaani breki yenyewe ni makofi," Godbless alisema, kwa sauti ya mtu aliyegundua dini.

"Mzee wangu," Lwitiko alimgeukia Mzee Adriano, "barua yako bado ipo mezani. Unataka nini hasa?"

"Mikono miwili," alisema Mzee Adriano. "Basi."

Lwitiko alikata alichokuwa ameandika, mstari mmoja mnene. Akaandika upya, akisoma kwa sauti: wauza mitumba na magodoro warudi nyuma hatua moja kutoka kwenye lami, boda wakae mbali na kigari hatua kumi, na mama apite kushoto na aruhusiwe kusalimia, ila nyuma ya kigari pawe na maandishi ya kuwatahadharisha wengine. Akapiga muhuri. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mwenye suruali ya kumwazima, maana kikapu kile kilikuwa na ncha. Godbless akamnyooshea kielelezo. Lwitiko akakipokea, akakiinua kwenye mwanga, akakirudisha.

*

Maandishi aliyaandika Timoth mwenyewe, kwa rangi nyeupe juu ya kipande cha mpira wa kukinga matope wa pikipiki yake. Alitumia Jumapili nzima. Hakumwomba mama yake radhi, na mama yake hakumdai. Ila alipokuwa anakikaza kwa waya nyuma ya kiti, mama yake alimwekea kipande cha nyama kwenye bakuli, kikubwa kuliko cha baba yake, na Flavian akatumia neno moja kati ya kumi yake kulalamika.

Jumatatu wauza mitumba walikuwa wamerudi nyuma hatua moja. Magodoro yalirudi nusu. Mama Timoth alipita na ndoo yake, fundi viatu akainua kikombe kwa mbali kuonyesha kwamba tumbo limepona. Na pale mbele ya duka la pembejeo alitoka Mzee Adriano, koti mpaka magotini, akasimama ukingoni kama mtu anayesubiri haki yake.

Mama Timoth aliachia. Kigari kikaganda.

"Shikamoo baba, mukwai!" Pa, pa, pa.

Nyuma yake, hatua kumi, Timoth alifunga breki. Alikuwa wa kwanza kwenye msururu, na maandishi aliyoyaandika kwa mkono wake yalikuwa mbele ya uso wake: NASIMAMA KUSALIMIA. KAA MBALI AU SALIMIA NA WEWE. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akazima pikipiki, akainama, akapiga makofi. Abiria wake, kwa kuona aibu, naye akapiga. Godbless aliyekuwa nyuma yao akapiga, kisha bajaji, kisha boda wengine wawili ambao hata hawakuwa wanamwona mzee mwenyewe.

Mzee Adriano aliweka fimbo kwapani. Hakuwahi kupata asubuhi kama ile. Alimwendea kila mmoja kwa zamu, marahaba, habari za nyumbani, baba hajambo, mama hajambo, mahindi yametoka. Msururu ukafika kinuni. Dereva wa fuso, mgeni kutoka Mbeya, alitoa kichwa dirishani akauliza kuna msiba wa nani.

"Hakuna msiba," Rozina alimjibu kutoka kwenye majembe. "Kuna mzee. Shuka usalimie."

Mama Timoth yeye alikuwa ameshaitikiwa zamani. Alipoona mzee amefika kwa Godbless na ameanza kumuuliza habari za shangazi zake wote, alirudisha mikono usukanini, akabonyeza kikono, akaondoka zake taratibu kwenye kobe, barabara nyeupe mbele yake, ndoo imejaa, na habari mbichi ya kuanzia.